Mwalimu Harriet na Aya ya Tisa

Wasikilizaji wapendwa, mlikuwepo. Msiniambie hamkuwepo. Mlipita Malakia, hapa Juba, siku ile mkaona makatoni ya biskuti yamening'inizwa kwenye milango ya maduka, yameandikwa kwa mikono ya watoto. Mlisoma. Najua mlisoma, maana herufi zilikuwa kubwa kuliko kichwa cha ng'ombe. Halafu mkatazama upande wa pili wa barabara. Wengine mlicheka. Mmoja wenu aling'oa katoni akafunikia karanga zake zisipate vumbi.

Leo tunamkumbuka aliyeandikisha makatoni yale. Jina lake Harriet Kiden. Mwalimu wa darasa la nne. Miaka thelathini na minne. Amekufa kwa kipindupindu. Narudia, ili na yule aliyekuwa anatafuta sukari jikoni asikie. Harriet Kiden, mwalimu wa darasa la nne, amekufa kwa kipindupindu, na yeye ndiye mtu wa kwanza mtaani kwetu aliyewaambia mchemshe maji.

Kaeni hapo hapo. Leo sitambembeleza mtu.

Harriet alizaliwa ng'ambo, Uganda, kambini, wazazi wake walikokimbilia vita. Wa aina yake mnawajua, mnawaita watu wa kambi, mnawauliza kila wakifungua mdomo, "Wewe wa wapi hasa?" Alikuwa mtoto hodari wa kusoma. Akiwa na miaka tisa alisoma Kiingereza bila kukwama. Siku moja tangazo la Kiingereza likabandikwa kwenye ubao wa kambi. Akina mama hawakujua kusoma. Wakamsimamisha Harriet juu ya ndoo iliyopinduliwa, wakasema, haya binti, tusomee.

Dada yake mkubwa, Suzan, alikuwa pale. Nilimtembelea wiki iliyopita. Kiswahili chake ni cha Uganda, nami sitakinyoosha, maana kilichopinda si Kiswahili chake.

"Harriet alisoma yote," Suzan aliniambia. "Hakuna neno ilimshinda. Wamama wakapiga makofi, wakapiga vigelegele. Mama yetu alilia na furaha. Sasa uliza, ile karatasi ilisema nini? Hakuna mtu ilijua. Hata Harriet mwenyewe hakujua."

Ilisema kwamba siku ya kuhakiki kadi za chakula imewahishwa, na siku hiyo ni kesho. Ilisema hivyo katikati, kati ya salamu na shukrani. Kesho yake familia ikaenda shambani kupalilia. Kadi yao ikafutwa. Miezi mitano bila posho. Mdogo wao, Mogga, alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Hiyo miezi mitano hakuimaliza.

"Mama hakumlaumu hata siku moja," alisema Suzan. "Ni yeye mwenyewe. Miaka mingi alikataa kusoma kitu na sauti mbele ya watu."

Wasikilizaji, hapo ndipo mwalimu alipozaliwa. Mtoto aliyesoma kila neno, akapigiwa makofi, na mdogo wake akafa.

Alirudi Juba akiwa mtu mzima, akasomea ualimu, akapewa darasa la nne katika shule moja ambayo nitaijia. Humo alikuwa na vita vyake peke yake. Alitaka mtoto akisoma habari aweze kusema habari hiyo inasema nini. Basi. Wazo kuu. Si maneno yote. Si jina la mbuzi. Kile kinachosemwa.

Alikuwa na mtindo wake. Anaandika habari ubaoni, sentensi nane au tisa. Anampa mtoto mmoja kifutio. Mtoto anafuta sentensi moja. Darasa zima linaangalia kilichosalia. Kama habari bado inasimama, wanapiga kelele, "Imebaki!" Kama imeanguka, wanapiga kelele, "Imekufa!" Sentensi inayoua habari ikifutwa, hiyo ndiyo imebeba wazo kuu. Zilizobaki ni mapambo.

Niliwahi kusimama dirishani pake nikasikiliza. Ubaoni kulikuwa na habari ya mama aliyevaa nguo mpya ya maua, akaenda kanisani, akasalimiana na watu, na huku nyuma mbuzi akala mbegu zote za familia.

"Habari inasema nini?" Harriet akauliza.

"Mbuzi!" wakasema.

"Mbuzi ni mbuzi. Hata mimi namjua. Amefanya nini?"

Msichana mmoja nyuma akasema, "Ustaza, mimi napenda ile nguo ya maua."

"Napenda na mimi. Msimu wa mvua ukifika utapanda nguo ya maua?"

Wakacheka mpaka madawati yakalia. Kisha akawauliza kwa Kiarabu cha Juba, kama alivyozoea kila akitaka jibu la kweli, "Waraga de kelem sunu?" Karatasi hii inasema nini? Na yule yule mpenda nguo akajibu taratibu, "Wale watu hawana cha kupanda." Harriet hakumsifu. Alimtazama tu, akaandika sentensi hiyo ubaoni kwa herufi kubwa.

Hakuwa malaika. Alikuwa mkali, na ulimi wake ulikata. Mama mmoja alimjia juu, mtoto wake amekariri ukurasa mzima na amepewa sifuri. Harriet akamwambia, "Amesoma kama redio, mama. Redio nayo haijui inasema nini."

Lilinichoma neno hilo nilipolisikia. Sasa linanichoma zaidi, na mtajua kwa nini.

Mwezi uliopita kilizinduliwa kituo kipya cha kujazia maji kando ya mto, pale malori ya maji yanapochota kutuletea majumbani. Ofisi inayohusika ikatoa barua kwa wananchi. Kurasa mbili, aya tisa. Ikabandikwa kwenye mlango wa ofisi ya mtaa, na nakala ikaletwa hapa studio. Isomwe kwa mpangilio wake, tuliambiwa, bila kurukwa jina. Aya ya kwanza, salamu. Ya pili, mgeni rasmi na vyeo vyake. Ya tatu na ya nne, waheshimiwa kumi na wanne. Ya tano, wafadhili. Ya sita, historia ya mradi. Tangazo letu lina dakika nne. Kila asubuhi, Jumatatu, Jumanne na Jumatano, msomaji alifika aya ya saba, king'ora cha habari kikalia, tangazo likakatwa.

Msomaji alikuwa mimi. Sauti hii. Nilitamka vyeo vyote sawasawa, na mkubwa mmoja alinipigia simu kunipongeza.

Jumatano Harriet alikuwa na redio ndogo darasani. Kila Jumatano aliwasikilizisha watoto tangazo, wanaandika mambo yaliyosemwa, kisha wanafuta. Siku hiyo mwenye kifutio alikuwa msichana wa miaka kumi, Ketty. Akafuta salamu. "Imebaki!" Akafuta mgeni rasmi. "Imebaki!" Akafuta waheshimiwa wote kumi na wanne, watoto wanafurahia kufuta wakubwa. "Imebaki! Imebaki!" Ubao ukawa mweupe kwa vumbi la chaki.

Ketty amenieleza mwenyewe, mama yake amekaa pembeni. "Nikamwambia, Ustaza, nimefuta yote na hakuna kilichokufa. Akasema, basi hawajamaliza kuongea."

Sikieni hiyo. Mtoto wa miaka kumi aligundua kwamba tangazo halina kitu ndani. Ninyi mlilisikia siku tatu mkasema limesomwa vizuri.

Wakati wa mapumziko Harriet akaenda ofisi ya mtaa. Ukurasa wa pili ulikuwa umefunikwa na tangazo la mashindano ya mpira. Akaliinua. Akanakili aya ya tisa, akarudi nayo, akaiandika ubaoni kwa Kiswahili. Nitawasomea, na leo hakuna king'ora:

"Kwa kuwa dawa ya kusafishia maji haijafika, wananchi wanashauriwa wasinywe maji ya kituo hiki bila kuyachemsha, hadi itakapotangazwa tena."

Akampa Ketty kifutio. Ketty akakataa kukishika. Hakuna aliyepiga kelele. Watoto wote thelathini na wanane waligeuka wakatazama pipa la bluu kwenye kona ya darasa, na kikombe chake kilichofungwa kwa mnyororo. Lori lilikuwa limelijaza asubuhi. Nusu ya darasa walikuwa wameshakunywa.

Harriet akalimwaga pipa mlangoni. Kisha akakusanya makatoni ya biskuti na ya mafuta ya kupikia, akawagawia watoto. Kila mmoja aandike kinachosemwa, si zaidi. Wakaandika: MAJI YA LORI HAYANA DAWA. CHEMSHA. Wengine kwa Kiarabu cha Juba, wengine kwa Kibari, kila mtu kwa lugha ya mama yake. Wakatembea nayo Malakia wakirudi nyumbani, wakayaning'iniza kwenye milango ya maduka.

Na ninyi je? Wale mliokuwa kwenye foleni ya maji mlimwita mwalimu wa makatoni. "Ustaza, mkaa wa kuchemshia unaleta wewe?" Dereva wa lori akapiga honi watoto wakatawanyika, mkacheka. Mwenye duka mmoja, namjua na anajua namjua, alisema, "Watu wa kambi wamezoea kuogopa kila kitu." Juma lililofuata nyumba saba katika mtaa huo zilitoa maiti. Nyumba ya mwenye duka huyo ilikuwa mojawapo. Sifurahi. Lakini sisahau.

Mkuu wa shule anaitwa Mwalimu Aloysius. Alimwita Harriet ofisini jioni hiyo hiyo. Walimu wawili walikuwa mlangoni, na maneno haya wamenipa wote wawili, kila mmoja peke yake, na yanalingana.

"Nani amekuruhusu kufupisha barua ya serikali?"

"Sijafupisha, mkuu. Nimesoma."

"Umesoma! Mgeni rasmi yuko wapi katika hayo makatoni? Waheshimiwa wako wapi?"

"Mkuu, waheshimiwa hawawaharishi watoto. Ni maji."

"Mwalimu Harriet, umewavua watu heshima. Barua ina aya tisa. Umewapa wananchi moja."

Hilo ndilo kosa lake, wasikilizaji wapendwa. Sitaki mlisahau. Hakusema uongo. Hata aliyemshtaki hakusema kwamba amesema uongo. Aliacha majina ya wakubwa. Mwalimu Aloysius akawaandikia wakubwa barua, nayo nina hakika ilianza kwa salamu.

Alhamisi asubuhi wanaume wawili waliingia darasani. Harriet alikuwa na chaki mkononi. Akawaambia watoto, "Endeleeni na aya ya pili, nikirudi nitauliza." Akatoka nao.

Walimweka kituo kimoja cha polisi mjini, sitakitaja leo. Chumba kimoja, wanawake watano. Mmoja wao, Helen, muuza chai, alikamatwa kwa kuweka jiko lake mahali pasiporuhusiwa. Helen yu hai. Amekuja hapa studio akakataa kiti, akaongea amesimama.

"Mimi iko pale. Mimi naona na macho yangu. Maji ni jerikeni moja ya njano, lori inaleta. Harriet anatuambia, msinywe, hii maji haina dawa. Anaomba askari moto ya kuchemsha. Mimi pia nasema, jiko yangu iko hapo nje mmekamata, tupeni tuchemshe. Wanacheka. Wanasema, hapa ni hoteli?"

Alhamisi yote Harriet hakunywa. Ijumaa asubuhi hakunywa. Mnalijua joto la Juba mwezi ule, na chumba kile kina bati. Midomo ilimpasuka. Saa sita mchana akaja mkubwa wa zamu na kikombe.

"Akasema, Ustaza, kunywa hii moja mbele yetu, tukufungulie mlango. Kikombe moja tu. Harriet anauliza, kweli? Anasema, kweli, mbele ya Mungu. Harriet akatuangalia. Akaniambia pole pole, Helen, nikitoka saa hii, dada yangu ana chumvi na sukari nyumbani, nitajiokoa. Akakunywa."

Nilimwuliza Helen kisha wakafanya nini.

"Wakapiga makofi. Mkubwa akasema, mmeona? Maji mazuri. Basi ulikuwa unadanganya watoto. Akafunga mlango."

Nitarudia, polepole. Walimwambia kunywa tukuachie. Akanywa. Wakasema kwa kuwa umekunywa, wewe ni mwongo. Wakamfungia tena. Mtu mmoja tu katika chumba kile alijua kwa hakika kuna nini ndani ya kikombe kile, na ndiye aliyepewa.

Jumamosi alfajiri akaanza kuharisha na kutapika. Helen aligonga mlango mpaka mkono ukavimba. Mlango ulifunguliwa saa tisa mchana, Harriet alipokuwa hawezi kusimama. Walimwacha getini, juu ya changarawe. Suzan, aliyekuja kumwulizia, akamkuta hapo. Akamfunga kwa shuka mgongoni mwa dereva wa boda, yeye mwenyewe akakaa nyuma kumshikilia.

"Macho yake ilikuwa imeingia ndani," Suzan alisema. "Mikono baridi, kama samaki. Njiani ananiambia, Suzan, daftari za watoto sijasahihisha. Mimi namwambia, nyamaza we, daftari gani! Nilimgombeza. Neno yangu ya mwisho kwake ni kugombeza."

Alikufa Jumapili asubuhi, hema la wagonjwa limejaa, amelazwa chini kati ya watu wawili walioyanywa maji yale yale. Alizikwa Jumanne huko Rejaf, kwenye shamba la baba yake. Watoto wa darasa la nne hawakuruhusiwa kwenda. Shule ilisema ni siku ya masomo.

Nyuma ya kioo fundi mitambo ananionyesha saa. Aendelee kunionyesha.

Kwako Suzan, na kwa mama yenu ambaye sasa amezika watoto wawili kwa sababu ya karatasi mbili, tunatoa pole. Pole ni neno dogo. Sina kubwa kuliko hilo, na hata hilo naona haya kulitoa kwa mdomo uliosoma vyeo vya watu asubuhi tatu mfululizo. Kwa Helen, ahsante kwa kusimama. Kwa Ketty na wenzake thelathini na saba, pole watoto wangu. Hamkumuua mwalimu wenu. Nasikia mmoja wenu amesema hivyo nyumbani, kwamba laiti tusingeandika. Mwambieni hapana. Mwambieni kuna nyumba Malakia zilizochemsha maji kwa ajili ya katoni lake, na watu wa nyumba hizo wako hai, wanakula, hawajaja kushukuru.

Na ninyi wengine, tafakarini hili mkitaka kutafakari. Mtu mmoja mtaani alisoma hadi mwisho, nanyi mkamwacha peke yake na alichokisoma.

Lakini leo sikuja kuwatafakarisha tu. Asubuhi hii, saa tatu, wazazi wa darasa la nne wameitwa shuleni. Mwalimu Aloysius ana karatasi, na kila mzazi anatakiwa kutia dole gumba. Mzazi mmoja ameipiga picha akaniletea. Nimeisoma yote. Inaanza kwa kuwashukuru wazazi kwa ushirikiano wao. Inaendelea na maendeleo ya shule, paa jipya, bendera mpya. Ukurasa wa pili, mstari wa nne kutoka chini, inasema wazazi wanathibitisha kwamba marehemu aliwadanganya watoto wao, kwamba aliyanywa maji hayo kwa hiari yake mwenyewe, na kwamba hakuna mtu wa kuulizwa juu ya kifo chake.

Mkitia dole, Harriet Kiden atakuwa mwongo aliyejinywesha. Kituo kile alimofungwa hakitaulizwa. Kikombe kile hakitakuwa na mkono uliokishika. Na mtakuwa mmeapa hivyo ninyi, wazazi wa watoto aliowamwagia pipa wasife.

Baba Ketty, uko kazini benki, najua unanisikia kwenye simu. Omba ruhusa. Mama Sebit, funga duka. Asiye na mtoto pale na aende vilevile, ajaze ua. Ingieni, kaeni mbele, na wino ukipitishwa msiuguse. Mwulizeni Mwalimu Aloysius mbele ya watu wote: nani alimpa kile kikombe? Akianza kwa salamu, mkatizeni. Akiwataja waheshimiwa, mwulizeni tena. Msitoke mpaka ajibu, na karatasi ile isitoke chumbani ikiwa na dole hata moja.

Sasa ni saa mbili na dakika kumi na moja. Acheni chai. Inukeni, nendeni.